Msitu Aliopewa Zamda

Zamda wa Ng'ambo ya Tabora alifunua mtungi achote maji ya chai, akamkuta chura mdogo wa rangi ya karafuu amekaa juu ya kata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shuka kwenye kata yangu."

Chura alishuka. Alieleza kuwa ametoka Pemba, ndani ya mkoba wa mkuu wa mashamba aliyekuja Tabora kujionea vijiji vya ujamaa. Mkuu huyo akirudi, msitu wao wa huko utakatwa ipandwe miti ya mpira. Vyura wa aina yake hawako pengine popote. Mkewe alibaki kule, kwenye tundu la mti, akilinda mayai.

"Sasa mimi nahusika vipi?" Zamda aliuliza.

"Babu zenu Wanyamwezi walipopeleka pembe pwani walitaniana na kila mwenye mdomo. Mimi ninao."

Zamda aliutazama mdomo ule, akaona ni kweli, tena umezidi. Msiba wa mtani hauachwi. Akajifunga khanga kiunoni, akaenda Gongoni kwenye nyumba ya wageni, akalala chali mlangoni, kama watani wanavyolala kaburini wakakataa kutoka mpaka wapewe kitu. Mkuu alitoka na mkoba wake, anawahi treni.

"Inuka, Mnyamwezi we, unibebee mzigo," alisema akicheka, maana alikuwa mtu wa pwani na mila aliijua.

"Mzigo wako ni hilo tumbo. Nipe ule msitu wa Pemba."

"Haya, nimekupa. Chukua wote."

Zamda akainuka kwa madaha, akarudi kumwambia chura mambo yamekwisha. Maishani mwake hakuwahi kupewa kitu na mtani kisha akanyang'anywa.

Mkuu alifika kisiwani akaukata msitu. Lakini ulikuwa na mwenyewe tayari, basi kila mti ulioanguka kule ulisimama uani kwa Zamda na mizizi yake, umelowa mvua. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuagiza njia ya chooni isizibwe. Majirani wakaanika nguo matawini. Zamda alitia mkono katika kila tundu la kila mti. Mayai hayakuwamo, wala mke. Ilimuuma sana, akamtukana mkuu wa mashamba matusi ambayo si ya utani.

Chura alihamia juu ya miti. Kila magharibi humwita mkewe. Zamda, akiwa jikoni, huitikia, "Abee," kwa sauti nyembamba kadiri awezavyo. Chura anajua ni nani. Hata hivyo huita tena.