Kanuni ya Hodi Tatu

Kanuni ya nne ilikuwa imepigwa mstari mwekundu, ukurasa mzima, toka juu mpaka chini. Rahila aliigeuza simu ili Mzee Nyange aone vizuri, lakini mzee alikuwa keshaona. Tundu la sindano halioni siku hizi, ila wino mwekundu juu ya maneno yake aliuona toka mwisho wa mkeka.

"Soma alichoandika pembeni," alisema.

Rahila ni mwalimu wa skuli hapo Konde, na ndiye aliyekuwa akimpigia chapa kazi yake yote. Alikohoa kidogo kwanza. "Anasema, 'Hii inachosha. Shujaa harudi mlangoni. Tuweke hivi: mchezaji arushe dadu, akipata nne kwenda juu anavunja mlango.' Halafu kaweka kikatuni kinacheka."

"Kacheka?"

"Kikatuni ndicho kinachocheka, mzee."

"Aka! Sasa ananichekea kwa kikatuni."

Asiyeujua mchezo huu atashangaa mtu mzima wa miaka sitini na tisa kukasirikia mlango usiokuwepo, kwa hiyo afadhali aelezwe. Watu watano au sita hukaa kwenye mkeka. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni: huyu ni mchuma karafuu, yule mganga, yule mwizi wa mbuzi aliyetubu. Mmoja wao ni msimulizi. Msimulizi husema, "Mumefika kijiji msichokijua, mvua inamwagika, mbele yenu pana nyumba ya udongo, mlango umeshindikwa. Mnafanya nini?" Kila mtu hujibia mtu wake, na penye shaka dadu huamua. Hakuna bao, hakuna bingwa. Mnarudi majumbani mwenu na kisa ambacho asubuhi hakikuwepo duniani.

Nyange aliupata mchezo huo melini. Miaka ishirini na nne alipika kwenye meli za watu, na katika moja kati ya hizo palikuwa na fundi mmoja wa Manila aliyekuwa na kitabu kinene cha kanuni. Wakati wa mapumziko fundi aliwakusanya mabaharia wenziwe akawageuza wafalme na majambazi. Nyange, aliyeachia skuli darasa la tano na kuokota elimu yake iliyobaki bandari baada ya bandari, alikaa pale akasikiliza. Aliporudi kwao Makangale akautunga upya, wa Kiswahili, wenye msitu wa Ngezi na mashamba na majini wa huku. Aliuandika kwa mkono, madaftari manne. La pili mchwa walilila pembe, akaliandika tena.

Na kanuni ya nne ilisema hivi: "Mtu akifika kwenye nyumba atapiga hodi mara tatu. Baada ya kila hodi msimulizi atahesabu pumzi tano. Akiitikiwa, ataingia. Asipoitikiwa atarudi, hata kama anachokitafuta kimo ndani. Aliyerudi kwa adabu atapewa kete moja na mwenye nyumba, na kete hiyo itamfungulia mlango mwengine mbele ya safari."

Aliyeichora nyekundu alikuwa Hafiz. Kazaliwa Konde huyo, akachukuliwa Dar ana miaka tisa, na sasa kila Jumanne usiku nchi nzima inamtazama akiwa Inspekta kwenye tamthilia. Hata mama yake mzazi humwita Inspekta. Alikuja Idi iliyopita, akawakuta kina Nyange mkekani uani kwa Bi Suhaila, akacheza mkono mmoja, akacheka mpaka akajifuta machozi, akairusha video yake mtandaoni. Wiki haikwisha, kampuni moja ya vitabu ya Dar, ambayo Nyange aliiandikia barua mara mbili asijibiwe, ilimpigia simu yenyewe. Watachapa. Kitabu kizuri, karatasi nzito, kitauzwa bara na visiwani. Ila Inspekta awepo kwenye jalada, na asaidie kuandika.

Nyange alikubali. Nani asingekubali? Mke aliondoka zamani, mtoto hakujaaliwa, na cha kuacha duniani alikuwa nacho kimoja tu, nacho kinaliwa na mchwa.

Basi Inspekta akaanza kusaidia. Kwanza alibadili jina la mchezo. Nyange akameza. Kisha akatia mtu wake mwenyewe, Inspekta, mwenye bunduki, asiyekufa hata dadu zikisema kafa.

"Sasa mtu asiyekufa ataogopa nini?" Nyange aliuliza kwenye simu.

"Mashabiki hawatanielewa nikifa, mzee wangu," Hafiz alisema.

Akameza na hilo. Zikaja picha, moja kila kurasa kumi, Inspekta kakunja mikono. Akameza, ingawa hapo ilimkwama kidogo. Lakini kanuni ya nne haikupita kooni.

"Mwambie hiyo haitoki," alimwambia Rahila.

"Nishamwambia. Anasema atakuja Alkhamisi na mtu wa kamera, tuijaribu kanuni yake. Anasema tukiiona ikichezwa tutaipenda."

Alkhamisi baada ya alasiri walikuwa uani kwa Bi Suhaila, muuza bajia wa sokoni, mwanamke ambaye ulimi wake unaunguza kuliko karai lake. Alikuwepo Rahila. Alikuwepo Bakar, dereva wa gari ya abiria ya Wete. Hafiz alikaa katikati na miwani myeusi juu ya paji, na kijana wa kamera akawa anawazunguka kama anayetafuta kilichompotea.

"Hafiz mwanangu," Nyange alianza, "kabla hatujacheza, nikwambie hiyo hodi ilikotoka. Mimi nilipokuwa…"

Simu ya Hafiz ikalia. Aliongea nayo mpaka chai ikapoa.

"Enhe, mzee, ulikuwa unasema."

"Nilikuwa nasema, mama yangu mimi…"

"Mzee samahani, sogea huku kidogo," alisema wa kamera. "Jua linakuchoma kwenye picha."

Akasogea. Alipokwisha kusogea Hafiz alikuwa keshachukua dadu. "Tuanze, tuanze, jua linatukimbia! Mzee, simulia."

Mzee akasimulia, kwa sauti ya mtu aliyesomewa hukumu. Mvua, kijiji, nyumba ya udongo, mlango umeshindikwa. Mwenye nyumba alikuwa Bi Suhaila. Zamu ya kwanza ikamwangukia Bakar.

"Napiga hodi," alisema Bakar.

"Siyo, Bakar," alisema Hafiz. "Kanuni mpya. Unavunja."

"Nivunje mlango wa nani?"

"Wa kwenye mchezo!"

"Ndiyo, wa kwenye mchezo. Wa nani?" Bakar alimtazama Bi Suhaila, akaitazama na kamera. "Yakhe, video hii mke wangu ataiona. Mama mkwe ataiona. Nitawaambia nini, nilikuwa Konde navunja nyumba za wanawake?"

"Ni mchezo, Bakar!"

"Nami ndo nacheza. Hodi!"

Rahila aliinamisha uso kwenye kanga. Hafiz akasonya, akazirusha dadu mwenyewe. Zikaangukia sita.

"Sita! Inspekta kapiga teke moja, mlango chini, kaingia!" Alisimama kabisa, akaupiga upepo teke, na kamera ikamfuata mguu.

Sasa kwenye mchezo huu, mtu akishaingia, msimulizi lazima amuulize mwenye nyumba alikuwa katika hali gani. Nyange akauliza, na safari hii sauti yake ilikuwa imeamka. "Mwenye nyumba, Inspekta kakukuta unafanya nini?"

Bi Suhaila alilaza mikono mapajani. "Kanikuta kwenye sala. Rakaa ya pili. Nilimsikia, lakini ningemwitikiaje?"

Hafiz alikuwa bado kasimama, mguu mmoja hajaurudisha sawasawa.

"Bi Suhaila, umenitega hapo," alisema.

"Nimekutega wapi, mwanangu? Mie nilishindika mlango wangu, nikasali. Mguu ni wako."

"Mwizi!" Bakar alipiga ukelele, na mkeka mzima ukaingia mchezoni: huyu anaita majirani, yule anatafuta kamba, Rahila keshakuwa sheha anauliza nani kashuhudia. Kwa muda huo mfupi mchezo ulikuwa mtamu kuliko siku zote, na Nyange alisahau kabisa kukasirika. Hafiz naye alicheka, lakini alicheka kwa kuigeukia kamera.

"Hiyo tutaikata," alimwambia kijana.

Kisha akampigia Nyange goti, akamshika bega, kwa upole kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Mzee wangu, mimi nimekuelewa. Lakini wale wa Dar wanataka kitu cha haraka. Mtu akae pumzi kumi na tano apige hodi? Jumamosi nakuja Makangale na karatasi. Ukiweka saini, wanachapa mwezi huu. Usipoweka, basi."

"Na mimi sijakwambia hiyo hodi…"

"Utaniambia Jumamosi, inshaallah." Simu ikalia tena, akatoka nayo.

Alichotaka Nyange kumwambia kilikuwa kifupi. Mwaka aliorudi mara ya kwanza, baada ya miaka kumi na moja ya bahari, Nyange alisimama mbele ya mlango wa mama yake, begi begani, adhuhuri. Akapiga hodi tatu, za mbio mbio za mtu wa bandarini. Kimya. Akarudi Konde, akalala kwa binamu yake na moyo umekufa. Asubuhi mama alimfuata mwenyewe. "Nilikuwa nasali," alimwambia. "Nilikusikia zote tatu. Na nilikuwa naomba kwa Mungu usiingie. Ungeingia bila kuitikiwa, ningejua bahari imeninyang'anya mtoto, imeniletea mtu mwengine." Mama keshakufa. Ile kanuni ndiyo maneno ya mama, pekee ambayo Nyange alipata kuyaandika.

Jumamosi Nyange alikaa kitandani tangu asubuhi na madaftari yake manne. Aliyafungua, akayafunga. Alijiambia ataweka saini. Aliona kitabu kimesimama kwenye rafu ya duka huko Tanga au Mwanza, na jina lake, hata liwe dogo chini ya uso wa Inspekta. Kisha alijiambia haweki. Kisha akachoka na nafsi yake, akachemsha chai, akaisahau.

Gari ilisimama nje. Nyayo zikaja.

"Hodi!"

Nyange alifungua kinywa aseme karibu. Neno likakataa kutoka. Badala yake alijikuta anahesabu pumzi. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Hodi, Mzee Nyange!"

Mlango ulikuwa wa mbao nyepesi, umefungwa kwa uzi tu. Mtoto angeusukuma kwa kidole. Chini yake vivuli vya viatu viwili vilionekana. Alikuwa na haya mzee, maana kujificha nyumbani kwako ni jambo la mdaiwa. Lakini alikaa kimya, kashika daftari la pili kifuani.

"Hodi!"

Pumzi tano zikapita. Vivuli vilisimama kidogo zaidi ya hapo. Kisha vikageuka, gari ikawaka, ikaondoka.

Simu ilimlilia kabla gari haijafika lami.

"Mzee, ulikuwemo ndani?"

"Nilikuwemo."

"Sasa mbona hukuniitikia?"

"Nawe mbona hukuvunja?"

Upande wa pili injini ikapunguza mwendo.

"Mlango wa uzi huo," Nyange aliendelea, na hasira ya miezi yote ikamtoka kwa pamoja. "Wewe Inspekta, mwenye bunduki, usiyekufa! Karatasi zako ziko mkononi, saini iko ndani, na umerudi. Nani alikushika mguu? Kama wewe hukuweza, vitoto vya watu unavifundishia nini?"

"Mzee," alisema Hafiz, na ile sauti ya tamthilia haikuwepo tena, "kwetu tulilelewa hivyo hivyo. Nitazungumza nao. Lakini sikuahidi."

Alizungumza nao kweli. Wiki mbili baadaye alituma ujumbe, na haukuwa na kikatuni. Wamekataa. Wamepata mchezo mwengine, wa askari na majambazi, wanamtaka yeye kwenye jalada. Ameshakubali. Samahani sana, mzee wangu.

Nyange aliusikiliza ujumbe ukisomwa mara mbili. Siku ya tatu alimwambia Rahila akarudishe maneno yote kama yalivyokuwa mwanzo, jina lake na kanuni zake, amtoe Inspekta na bunduki yake, kisha akazitoe kopi ishirini kwenye duka la kuchapia Konde.

Rahila akatoa. Karatasi nyepesi, wino wa majivu, pini mbili ubavuni. Nyange alikifungua kitabu cha kwanza uani kwa Bi Suhaila, akatafuta kanuni ya nne. Ilikuwepo. Ilikuwepo miguu juu, kichwa chini. Akafungua cha pili. Kichwa chini. Vyote ishirini.

"Lahaula! Hata mashine nayo inanipinga!"

"Watakigeuza tu, mzee," alisema Bi Suhaila, akiepua bajia. "Watu wa kucheza hawajui kugeuza kitabu?"

"Miaka kumi na tatu, Suhaila! Miaka kumi na tatu nakiandika, na ukurasa mmoja ninaoutaka ndio uliopinduka."

Alinung'unika mpaka kahawa ikaisha. Kisha akamsukumia Rahila kopi moja. "Hiyo mtumie Hafiz." Akatia mkono kwenye kikopo cha kete, akachagua, akatoa moja ndogo nyeupe, akaitupa juu ya kitabu kwa kishindo. "Na hii itie ndani ya bahasha."

"Kete? Ya nini tena, mzee, na alivyotufanyia?"

"Alirudi," Nyange alisema, uso kaukunja kama anayeng'olewa jino. "Imeandikwa humo. Geuza usome."