Bibi wa Miaka Sifuri

Hospitalini kwetu kuna watu wanaookoa maisha, halafu kuna mimi. Mimi nachora. Ofisi yangu zamani ilikuwa stoo ya magodoro mabovu, na harufu yake mpaka leo imekataa kuhama. Humo nina kompyuta mbili, feni inayopuliza ukuta, na madaraka ya kugeuza wagonjwa kuwa rangi. Manesi wananiita Daktari wa Duara, kwa ajili ya zile chati zangu za duara. Nilidhani ni sifa. Ilinichukua miezi minne kujua kwamba wananicheka.

Mwezi huu nilimaliza kazi yangu kubwa, dashibodi. Ni ukurasa mmoja kwenye skrini, ambapo mkurugenzi akiwa amekaa kitini kwake anaona wagonjwa wote waliolazwa, umri wao, wodi zao na siku walizokaa. Unabofya, nguzo zinapanda. Unabofya tena, zinashuka. Nilikuwa najifungia ndani nizipandishe na kuzishusha, mtu mzima na akili zangu.

Kasoro ilikuwa moja tu. Wagonjwa wengine walikuja na kisanduku cha umri kikiwa kitupu, na hivyo visanduku vitupu vilinivurugia chati nzima. Mwenye busara angeuliza kwa nini ni vitupu. Mimi niliiambia kompyuta: popote palipo patupu, weka sifuri. Chati ikanyooka, nami nikajipongeza kwa soda baridi.

Jumanne nikasimama mbele ya mkurugenzi na wakuu wa idara, simu nimezima, shati nimepiga pasi mara mbili. Nguzo ya watoto wasiofikisha mwaka ikapanda, ikapanda, nusura itoboe dari. Watoto wachanga mia mbili na kumi na wanne ndani ya miezi mitatu!

Mkurugenzi akavua miwani. "Hawa wote tunawalaza wapi?"

"Hilo ndilo swali lenyewe," nikajibu, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni.

Wakakata shauri palepale. Wodi ya wazee, vitanda kumi na sita, ifungwe Jumatatu na kugeuzwa ya watoto wachanga. Wazee wenye nafuu wakauguziwe nyumbani, waliobaki wabanane wodi ya jumla. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Watu wakanipigia makofi, na kichwa kikanivimba hata mlango wa stoo nikaingia kwa ubavu.

Kesho yake asubuhi akaja sista wa wodi ya wazee. Hakuketi.

"Hongera, Daktari wa Duara. Umefukuza wazee kumi na sita kwa kidole kimoja."

"Sista, mimi sijamfukuza mtu. Takwimu ndizo zimesema."

"Haya. Na bibi yako yuko kitanda cha ngapi?"

Bibi yangu alikuwa kitanda cha sita. Nilimleta mwenyewe Jumapili, pumzi zinampaa, nikajaza fomu mbiombio nikarudi kuchagua rangi za nguzo. Huyu ndiye aliyenilea tangu nina miaka mitatu, mama yangu alipofariki. Wamesema wodi yake ifungwe, na mimi nimeitikia kwa kichwa, wala hakunijia akilini. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Nikashuka mbio. Bibi alikuwa macho, mpira wa oksijeni puani. Akaninyooshea mkono wenye ule utepe unaochapishwa na kompyuta: jina lake, wodi yake, na chini yake, Umri: 0.

"Nesi anasema mimi ni kichanga," akasema taratibu, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili. "Nimemwambia basi anibebe mgongoni."

Nikacheka. Halafu nikausoma utepe tena, kwa sababu sifuri ile niliijua. Ilikuwa yangu.

Nikaenda mapokezi nikiwa moto. "Kwa nini hamjazi umri wa watu?"

Karani, mama mmoja asiyetishwa na mtu, akatoa fomu ya Jumapili akaniwekea mezani. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Nilikuuliza, kaka. Ukanijibu, 'Acha wazi, nitajaza baadaye.' Mimi simtungii mtu umri. Wazee wengi hawajui mwaka waliozaliwa, na wanaowaleta ndio hawajui kabisa. Naacha wazi ili mtu akipata nafasi aulize."

Nikarudi stoo nikafungua orodha ya vichanga vyangu, mmoja mmoja. Mia moja themanini na tisa walikuwa na presha, mtoto wa jicho au magoti mabovu. Kichanga kimoja kilivunjika nyonga kikishuka kwenye baiskeli yake. Kingine, kwenye kisanduku cha kazi, kiliandikwa mlinzi mstaafu. Na yote haya yalikuwa mbele ya macho yangu muda wote, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye nguzo.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaenda kwa mkurugenzi nikasema yote. Akavua miwani tena.

"Kwa hiyo vichanga wa kweli ni wangapi?"

"Ishirini na watano, mheshimiwa."

"Bodi imeshapata karatasi yako, na haiondoki kwa machozi. Niletee umri wa kweli wa kila mzee kwenye ile wodi kabla ya Jumatatu asubuhi. Bila hivyo, inafungwa."

Basi nikachukua daftari nikaenda kitanda kwa kitanda. "Jamani, Daktari wa Duara leo ana miguu!" sista akapiga kelele, wodi nzima ikaangua kicheko. Mzee wa kitanda cha pili alinihesabia kwa shule: ilipojengwa, yeye ndiye aliyefyatua matofali, na ndevu zilikuwa zimeanza tu. Mama wa kitanda cha tisa alinihesabia kwa uzazi, mtoto hadi mtoto, nikapotea njiani mara mbili akanirudisha mwanzo. Kwa siku tatu niliuliza, na nisikufiche, wodi ilipona. Jumatatu nguzo ya waliozidi sabini ilipanda mbele ya bodi, na hakuna aliyetaja kufunga tena.

Ila Bibi nilimwacha wa mwisho. Nilimwogopa.

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Leo ndiyo unaniuliza?" Akafumba macho, akahesabu. "Mama yako nilimzaa nina ishirini na miwili. Naye alikuzaa wewe ana ishirini na minne. Jumlisha, si wewe msomi?"

Nikajumlisha. "Themanini, Bibi."

"Na wewe una mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Mitano," akasema. "Tangu Jumanne. Niliazima simu ya nesi nikupigie, kama kila mwaka. Mara tatu. Ukawa hupatikani."

Nikaifuta themanini. Nikaandika themanini na moja, na machozi yakanidondokea daftarini, nikaiandika tena ili isomeke.