Mchele wa Nkuba

Pale Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa, watu hawakuuliza bei ya mchele kabla ya kuuliza kama Tekla ameunusa. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyo wa Kilolo alipanda basi kila mavuno kwenda Chimala, akasimama kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa, akachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akapokea punje kiganjani, akazipulizia pumzi ya moto, akafunga macho, akanusa. Akisema "supa", yaani ule mchele wa kunukia, ni supa. Akisema "hapa ndani mna saro", mwenye mali anaanza kuapa kwa kaburi la mama yake, na hapohapo anajulikana. Saro huzaa sana, lakini harufu yake ni ya kukopa, na anayeichanganya na supa ni mwizi kama wezi wengine. Wanyakyusa, Wasangu na Wahehe, ambao hawakosi la kubishania, walipatana kwenye pua ya Tekla.

Halafu ukaja mwaka wa elfu mbili na ishirini na moja. Wapo wanaotaka tuusahau mwaka ule. Ugonjwa ulikuwa kila nyumba isipokuwa redioni. Redioni tulikuwa salama. Makaburini walichimba kwa zamu. Katika jumuiya ya kina Tekla walizikwa watu watatu ndani ya Februari moja, na wote watatu waliandikiwa nimonia. Aliyetaja ugonjwa kwa jina lake aliambiwa anatisha wananchi. Sasa, kitu kilichonyimwa jina hakitangaziwi dalili, na kisichotangaziwa dalili mtu anajuaje kama anacho?

Tekla alianguka mwezi huohuo. Siku tisa alijifukiza chini ya blanketi, majani ya mkaratusi, ndimu, tangawizi, kila alichoambiwa. Siku ya kumi akatoka nje kukaa juani, mwepesi kama ganda la karanga. Jirani yake Faustina akamletea uji wa ulezi.

"Samahani dada, umeungua kidogo," Faustina akasema.

Tekla akaumaliza wote. Hakusikia moshi, hakusikia ulezi, hakusikia kitu.

Alidhani ni mafua. Machi ikapita. Akanusa mafuta ya taa, akanusa kitunguu, akaingia banda la kuku akavuta pumzi hadi mwisho: hakuna. Na pumzi yenyewe ilikuwa imepungua. Yeye aliyekuwa akipanda kwenda mjini kwa miguu, na kapu kichwani, sasa alikaa mara tatu njiani kama bibi harusi asiyetaka kufika. Hakumwambia mtu. Mwenye duka hatangazi kwamba duka ni tupu.

Juni mpunga ukavunwa na simu zikaanza kuita. Angeweza kusema, "Jamani, mwaka huu pua yangu inaumwa." Maneno sita. Alipanda basi.

Mashineni Chimala alipitisha magunia matano kwa macho na meno. Alitafuna punje, akasugua punje, akafunga macho vilevile kama zamani, akasema "supa" mara tano. Hapo mfanyabiashara mmoja wa Makambako, Crispin, mtu wa mdomo, akatia neno.

"Mama, leo kila gunia supa? Au pua umeiacha Iringa?"

Watu wakacheka. Ilikuwa utani tu, lakini Tekla hakucheka. Aliona wazi kwamba asipokataa gunia moja siku ile, wataanza kumtazama. Na gunia lililofuata lilikuwa la Nkuba.

Nkuba alikuwa Msukuma. Baba yake alishuka bonde la Usangu na ng'ombe miaka ile ya nyuma. Wafugaji walipoondolewa bondeni, Nkuba alibaki bila hata ndama, akashika jembe. Miaka kumi na minne alichagua mbegu yake ya supa mwenyewe, suke kwa suke, na mkewe Shija. Lakini pale mashineni hapakuwa na mtu aliyemwita shemeji. Hapakuwa na mjomba wa kusimama upande wake na kupaza sauti. Tekla aliliona hilo, kwa haraka, kama mtu anavyoona jiwe la kukanyagia mtoni.

Akachoma gunia, akapulizia, akafunga macho. Alipoyafungua hakuutazama mchele. Alimtazama mwenye mchele.

"Hapa mna saro," akasema. "Na si kidogo."

"Nilijua!" Crispin akadakia. "Hawa watu wa kuja hawa!"

Nkuba akachota mchele wake kwa mikono miwili, akauzamisha uso humo. Akanusa. Akanusa tena. Akanyamaza. Na uwanja mzima ukasoma kunyamaza kule kuwa ni kukiri.

Tangu siku ile wakamwita Nkuba Saro.

Miaka mitatu Tekla aliishi kwa meno na macho, akiwaangalia wanunuzi wengine usoni ili ajue la kusema. Mwaka huu harufu zikaanza kurudi, lakini zilirudi zimepotea njia: vitunguu vilinuka tairi linaloungua, kahawa ilinuka ngozi mbichi. Mei alikwenda zahanati kwa sababu ya kifua. Nesi kijana, Blessing, akamsikiliza mapafu, kisha akauliza, "Mama, corona uliumwa lini?"

"Mimi? Mimi niliumwa nimonia."

"Harufu je, ulipoteza?"

Tekla akaanza kufunga vifungo vya blauzi yake.

"Mama, ni ugonjwa uleule," Blessing akasema, taratibu, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo kwa wengi. "Wengi pua zilikufa. Wengine mpaka leo wanahema hivyo. Siyo uzee, wala hujalogwa. Tungewaambia wakati ule, mngejijua."

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Tekla yalikuja kama mama mkwe: na mabegi, yakahamia kabisa. Maana sasa alikuwa na kweli mbili. Ndogo ilikuwa kwamba pua yake iliumwa. Kubwa ilikuwa kwamba alijua inaumwa, na akamchagua Nkuba. Mwezi Juni alipanda basi la alfajiri na ile ndogo. Nyingine aliikalia.

Ambokile, mwenye mashine, alimpokea kwa furaha. "Ndaga, mama! Tumekungoja. Bambo lako liko wapi?"

"Sikuja nalo, baba. Nimekuja kusema neno mbele ya watu. Mchele wa Nkuba ule, mwaka ule, nilikosea. Pua yangu ilikuwa imekufa kwa corona."

Ambokile akamvuta nyuma ya mashine, akashusha sauti ingawa mashine ilinguruma. "Umemwambia nani hilo?"

"Wewe wa kwanza."

"Basi niwe wa mwisho. Mama, imekufa tangu lini? Mpaka leo? Sasa mchele tuliouza miaka mitatu kwa neno lako, Mbeya, Iringa, mpaka Dodoma, nani aliunusa? Mimi? Unataka watu waje wang'oe mabati yangu?" Akamshika bega kwa upole. "Mtu mwenyewe ameshazoea. Nimempa kazi ya kushona magunia. Anakula. Yaache."

Na Tekla, wacha tuseme kweli, aliyaonja maneno yale akayaona matamu. Kurudi nyumbani kimya, na heshima yake nzima. Aligeuka kutafuta njia ya kutoka, na hapo akamwona.

Nkuba alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, sindano ya gunia mkononi, anashona midomo ya mavuno ya wenzake. Alikuwa amekonda. Kila baada ya mishono mitano alisimamisha sindano, akafungua mdomo, akavuta hewa, kisha akaendelea. Tekla alikijua kituo kile. Alikuwa na chake barabara ya kupanda mjini.

Akamwendea.

"Mwangaluka, baba," akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mama Pua," Nkuba akasema, bila chuki na bila tabasamu. "Umekuja kunusa?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Mchele wako ulikuwa supa. Mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Sikuwa nasikia harufu."

Sindano ikasimama. Nkuba akauliza swali ambalo Tekla hakulitegemea.

"Kwani na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Niliumwa Machi ile. Shija akanifukiza mpaka ngozi ikabambuka. Nikapona, ila pua ikawa kama ukuta. Nikadhani ni vumbi la kukoboa. Uliposema mna saro, nikanusa mwenyewe." Akavuta hewa. "Sikusikia kitu. Nikasema, basi, mama wa Iringa amesema kweli, mchele umekufa. Nikakuamini, mama. Ndiyo maana sikubisha."

Tekla akashika gunia lililokuwa karibu.

"Nikajiuliza nani kaharibu mbegu," Nkuba akaendelea. "Mimi sijachanganya. Aliyebaki ni Shija. Nikamwambia ni wewe, umetia saro ya kaka zako. Akasema mchele unanukia, pika uone. Akapika. Akaniletea sahani puani, anasema, baba, unanukia nyumba nzima. Nikamwambia unanifanya mjinga. Mbegu yote nikawamwagia kuku. Akaondoka na kanga alizovaa."

"Yuko wapi?"

"Kwa kaka yake, Madibira." Akatoa simu mfukoni, kitochi kilichofungwa kwa mpira, akabonyeza. "Mimi huwa hanipokelei kwa maneno. Anapokea, ananyamaza, mpaka nikate. Wewe mwambie."

Simu ikaita, ikapokelewa. Kimya, kama alivyosema.

"Mama Shija," Tekla akaanza, "ni mimi, Tekla. Wa Ipogolo. Mnunuzi."

Kimya kikabadilika.

"Hapo ulipo kuna watu?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Wapo."

"Mashine izimwe. Uweke sauti kubwa."

Tekla akamwomba Ambokile azime. Ambokile akatikisa kichwa kukataa. Nkuba akaweka sindano chini, akaenda mwenyewe, akazima. Uwanja ukanyamaza ghafla, watu wakasogea, Crispin mbele yao. Tekla akaweka sauti kubwa, akasema: mchele wa Nkuba ulikuwa supa, corona ilikuwa imeiua pua yake yeye Tekla tangu Februari, na hadi leo haijapona. Mtu akaguna. Mwingine akasema, "Eeh! Kwa hiyo mwaka jana je?"

"Nimesikia," Shija akasema kwenye simu. "Umesema pua ilikufa Februari. Kuchoma gunia ilikuwa Juni."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa hujui?"

Hapo ndipo ile kweli aliyoikalia ikasimama yenyewe. Tekla alifungua mdomo, pumzi ikakata, akajaribu tena.

"Nilijua."

"Magunia mangapi ulipitisha kabla ya letu?"

"Matano."

"Kwa nini yeye?"

Kulikuwa na watu kama thelathini pale, na wote walikuwa na macho.

"Kwa sababu hakuwa na mtu," Tekla akasema. "Ningemkataa mwingine yeyote, ndugu zake wangedai mchele unuswe upya. Yeye hakuwa na wa kumsemea."

"Alikuwa na mimi," Shija akasema.

Crispin alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sikuwahi kuumwa hata siku moja mwaka ule," Shija akaendelea. "Pua nzima katika habari hii ilikuwa yangu. Nilisema nyumbani, nilisema kwa balozi, nilikuja hapohapo mashineni nikasema. Mkaniambia mama nenda kapike. Nkuba, umesikia?"

"Nimesikia," Nkuba akasema.

"Umesikia kwa nani?"

Nkuba akamgeukia Tekla.

"Kwa yeye," Shija akasema. "Mara ya kwanza ulimsikia yeye. Na leo umemsikia yeye." Simu ikakatwa.

Nkuba akaichukua kwa Tekla, akabaki ameishika mbele ya kifua. Nyuma yake watu wakaanza kufungua magunia, kila mmoja ananusa lake, wanabishana, wanaitana, Ambokile akikimbia huku na huku akiwaomba watulie. Hakuna aliyemwita Tekla. Miaka ishirini na miwili ya kuaminiwa, na kuisha kwake kulichukua muda wa kushona gunia moja.

Nkuba akasukuma ndoo kwa mguu, Tekla akaikalia. Yeye akakaa kwenye pumba. Wakahema. Ukisikiliza usingejua pumzi ipi ni ya nani.

"Niambie nifanye nini, baba," Tekla akasema hatimaye. "Nitatafuta mbegu. Kilolo, Kyela, popote."

"Mbegu ile haipo popote. Tuliichagua sisi."

"Niende Madibira? Nikapige magoti?"

Nkuba akafikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayepima, na kwa muda ule mfupi Tekla alitumaini. Kisha akaokota sindano yake, akatia uzi, akavuta gunia la mtu.

"Basi la Iringa linapita saa nane, mama," akasema. "Ukilikosa hilo utasimama sana barabarani."