Tandala Aliyengoja

Mwaka huu wa 2011, kiangazi kikiwa kimefika ukingoni, usiku wa kuamkia leo niliota kwamba tandala dume ameyakanyaga majivu ya jikoni kwangu, kisha akaondoka bila kuaga.

Sikushangaa. Nilijua kwamba huyo ndiye tandala ambaye marehemu mdogo wangu, Luhende, alimchoma mshale tulipokuwa vijana, akamfuata porini, akarudi mikono mitupu.

Kwetu, mwindaji anapomwandama mnyama aliyejeruhiwa, mkewe hafagii uani, maana huaminika kwamba ufagio wa nyumbani hufuta nyayo za porini. Luhende aliporudi bila nyama, aliwaambia wazee kwamba mkewe, Milembe, amefagia. Milembe alikana mara moja tu, kisha akanyamaza. Wazee wakamnyang'anya ufagio wake, wakauweka darini kwangu mimi dada mtu, wakaamuru kwamba asishike mwingine maisha yake yote. Tangu hapo Milembe huokota majani ya uani kwake kwa mkono, jani baada ya jani. Aliokota akiwa na mimba, aliokota alipofiwa na mumewe, na anaokota hata sasa mgongo ulipopinda. Na leo asubuhi alikuwa ahamie Kaliua kwa binti yake, asirudi tena.

Basi, ndotoni humo, nikachukua kanga yangu, nikazifuata nyayo.

Natoka mlangoni, na uani kwangu ni msitu wa miombo. Nyasi zimeungua, ardhi ni nyeusi, na alama za kwato zimepangwa juu yake kama herufi ubaoni. Mguu wa nyuma wa kushoto unabururwa. Kila penye alama yake pana mkwaruzo mrefu.

Pembeni mwa alama ya kwanza amesimama sisimizi.

“Usiukanyage, mama,” ananiambia. “Unyayo huu bado mpya.”

“Mpya? Tandala huyu alipita hapa kabla sijaota mvi.”

“Unyayo huwa wa zamani sisi tukishaupita. Nasi tumekatazwa kuupita, kwa sababu anayeufuata hajamaliza kazi.”

Nyuma yake wamejipanga sisimizi wenzake, mstari mrefu unaopotelea bondeni. Wote wanangoja. Naona haya kidogo kwa niaba ya ukoo wetu, nasonga mbele.

Mwindaji hukabili upepo uso kwa uso, ili mnyama asimnuse. Hilo kila mtoto wa kwetu analijua. Kwa hiyo sikustaajabu kuukuta upepo umeketi juu ya kigoda katikati ya njia, ukitazama pembeni.

“Husalimii watu?” naukemea.

“Nakuzidi umri,” unajibu.

Nikatafakari, nikaona ni kweli. “Shikamoo.”

“Marahaba. Nitazame usoni, usinipe mgongo. Mdogo wako alinipa mgongo.”

“Lini?”

“Siku ile. Alijilaza chini ya mninga, akanigeuzia mgongo, akaanza kukoroma. Mimi nina kazi moja tu, nayo ni kupita. Nikapita juu ya nyayo, nikapita na uani kwake, nikayachukua majani yote.”

“Na mwanamke wa watu akahukumiwa kwa ajili yako! Ulishindwa nini kuja mbele ya wazee useme?”

“Nilikuja,” upepo ukasema. “Mlifunga mlango. Mlisema kuna vumbi.”

Nikakumbuka kwamba ni mimi niliyeufunga mlango. Upepo ukainuka, ukabeba kigoda chake, ukanipisha.

Sasa namwona tandala. Anakula majani kule mbele, pembe zake zimejipinda kama kamba iliyosokotwa, na mshale umo ubavuni. Mwindaji hupiga hatua mnyama anapoinamisha kichwa, na husimama mnyama anapokiinua. Tandala anainamisha kichwa, napiga hatua. Anakiinua, na kila kitu kinasimama: jua linasimama, jani linaloanguka linakaa hewani, kikohozi changu kinanikaa kooni mpaka atakapoamua kula tena.

Ndipo nikamwona Luhende. Ameinama chini ya mninga, kijana vile vile, shati lile lile, akizipima alama za kwato kwa vidole. Shavu lake la kushoto lina mistari iliyokatizana.

“Tangu lini umechanja chale?” namuuliza.

“Si chale, dada.”

“Luhende, wewe ulikufa.”

“Nilikufa, ndiyo. Lakini mnyama uliyemjeruhi humwachi mpaka umpate. Kufa si udhuru.”

“Mbona humpati? Si yule pale, anakula!”

“Nyayo zinaishia hapa, chini ya mti huu. Nami kila nikifika hapa nashikwa na usingizi.” Akapiga mwayo mrefu. Miguuni pake nyasi zimelala, na umbo la mtu limejichora juu yake.

Nataka kumkemea, lakini tandala anainua kichwa na sauti yangu inasimama. Anakuja polepole, akiburura mguu, mpaka mbele yangu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba.”

“Unisamehe kwa majivu yako. Sikuwa na njia nyingine ya kukuita.” Ana macho ya mgeni aliyekaa barazani kutwa nzima bila kukaribishwa ndani. “Mimi sikumkimbia. Nilipochomwa niliteremka bondeni, nikalala, nikamngoja aje animalize. Nikamsikia anakoroma. Nikasema moyoni, amechoka, si adabu kumwamsha. Nikangoja mpaka giza likaingia. Nikafa ningali nangoja, na nyama yangu hakuila mtu.”

Kisha nikahisi kitu mkononi, nikatazama, kumbe nimeushika ufagio wa Milembe.

“Mimi nilikuwa nimening'inia nyuma ya mlango,” ufagio ukasema. “Waliuona uwanja ni safi, wakanitazama mimi. Hakuna aliyeniuliza.”

Luhende akakaa chini.

“Nilitaka kusema, dada. Kila mwaka niliahidi moyoni kwamba nitasema baada ya mavuno. Yakivunwa, nasema acha tuuze kwanza. Mwaka niliokata shauri kwa dhati, nikafa kabla ya mavuno.”

“Ulikuwa unamwona kila asubuhi anaokota majani?”

“Kila asubuhi. Nilikuwa natoka kwa mlango wa nyuma.”

“Mwoga wewe.”

“Ndiyo. Mwambie nililala. Usiongeze neno, usipunguze. Na chake umrudishie.”

Tandala akamwinamia Luhende, Luhende akaweka mkono juu ya mshale, na sisimizi yule wa kwanza akauvuka unyayo.

Nikaamka.

Nilikwenda jikoni kuwasha moto. Katika majivu palikuwa na alama moja ya ukwato, kingo zake kali kama iliyokatwa kwa kisu, na nyuma yake mkwaruzo mrefu. Sisimizi walikuwa wanaivuka, mmoja nyuma ya mwenzake, bila haraka.

Sikupika chai. Nilipanda darini, nikaushusha ufagio, nikaupangusa utando wa buibui, nikaenda.

Milembe alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake na kuipanga mlangoni. Mwenyewe alikuwa uani, ameinama, anaokota majani.

“Karibu, wifi,” akasema bila kuinuka. “Umekuja kuhakikisha kwamba naondoka kweli?”

“Nimeleta kilicho chako.”

Akainua macho, akautazama ufagio. Hakunyoosha mkono.

“Nani kakutuma?”

“Luhende.”

“Luhende!” Akachekea puani. “Alikuwa mzito hivyo hivyo hata akitumwa chumvi. Kasemaje?”

“Kasema alilala.”

Milembe aliyaweka chini majani aliyoyashika.

“Nilijua,” akasema. “Siku ile aliporudi alikuwa na alama za nyasi shavuni, za mtu aliyezilalia. Shavu hili.” Akagusa shavu lake la kushoto.

Sikuwa nimemwambia neno lolote juu ya shavu.

“Kwa nini hukusema mbele ya wazee?”

“Niseme nini, wifi? Kwamba mume wangu mwindaji amesinzia porini kama mtoto mgongoni? Wangemcheka mpaka kaburini. Nikasema acha, atasema mwenyewe jioni.” Akajipangusa mikono kwa kanga. “Jioni hiyo ndiyo imefika leo.”

“Tusamehe, Milembe.”

“Lete huo ufagio. Gari li karibu, na siwezi kuacha nyuma yangu uwanja mchafu.”

Nikampa kwa mikono miwili. Akaushika, akaupimapima uzito, kisha akaanza kufagia kutoka kizingitini, taratibu, uwanja ambao hatauona tena. Njiti za ufagio zilikuwa zimekauka kwa kukaa darini, zikawa zinakatika na kubaki nyuma yake.

Nikainama nyuma yake, nikaziokota kwa mkono, moja baada ya moja, mpaka gari likapiga honi barabarani.