Bonde la Bibi Filomena

Babu yangu Anselmo ananiita mke wangu, kama mababu wote wanavyowatania wajukuu zao wa kike, na tangu aletwe Kimara kutibiwa macho ameifanya ndoa yetu kuwa ngumu. Mara chai yangu nyepesi, mara ugali wangu mbichi, na wageni wakija anawalalamikia kwamba ameozeshwa mwanamke anayeshinda na kompyuta. Mimi simwachii. Namwambia kama hanitaki arudi kwa mke mkubwa. Hapo hucheka mpaka akohoe, kwa sababu mke mkubwa ni bibi Filomena, na bibi amelala bondeni kwao, karibu na mto, chini ya msalaba wa saruji ambao babu aliusimika mwenyewe. Ubavuni mwa kaburi ameacha nafasi yake. Anangoja tu jicho lipone, arudi.

Kazi yangu ni maji. Nimepewa kupima njia tatu za kuhifadhi maji zaidi katika bonde lote la mto wetu, ule unaolisha bomba la mjini: kuongeza kimo cha ukuta wa bwawa la zamani, kuchimba malambo madogo madogo yatakayozamisha mvua ardhini ili visima vijae, au kujenga bwawa jipya pale kwenye korongo. Kila njia unaipa alama kwa maji itakayotunza, gharama zake, watu watakaohama, samaki, makaburi. Kila kigezo kina uzito wake, unazidisha, unajumlisha. Korongo lilikuwa linashinda. Na korongo likizibwa, maji yatarudi nyuma polepole na kutulia juu ya bibi Filomena.

Jumapili ile mvua ilinyesha mchana kutwa. Bomba kubwa la mjini linapita huko barabarani, lakini sisi wa mlimani maji hutujia yanapojisikia, kwa hiyo babu alikuwa barazani akilinda madumu tuliyoyatega chini ya paa. Mimi nilikuwa ndani na alama zangu. Nikauongeza uzito wa makaburi kidogo. Nikauongeza tena. Korongo likashuka nafasi ya pili, na nisiseme uongo, nilijisikia vizuri sana. Nikalaza kichwa mezani nisikilize mvua.

Maji yakaingia chumbani bila kelele, yana rangi ya chai ya maziwa. Yakapanda miguu ya meza, yakafika usawa wa dirisha, yakasimama. Sikulowa. Chini yangu nikaliona bonde: bati la kanisa, migomba imetulia, kuku wanatembea taratibu na manyoya yanapepea. Bibi alikaa kwenye kigoda akichambua maharage. Mabovu aliyarusha, nayo yakapaa juu hadi yakanipita usoni.

"Bibi, nimekuokoa," nikamwambia. "Nimebadilisha alama."

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikimletea ndoo nusu kutoka mtoni.

"Na hawa?" akauliza.

Nikageuka. Foleni ya ndoo ilikuwa inapanda kilima cha Kimara, inaelekea Mbezi, inapotelea mawinguni, na nyuma ya kila ndoo kasimama mtu nisiyemjua. Bibi akaendelea kuchambua.

Niliamka mvua bado inanyesha. Nikaurudisha uzito wa mwanzo, wote kama ulivyokuwa, huku nalia kwa hasira. Niliuchukia mto, nikalichukia korongo, na zaidi nilimkasirikia bibi, ambaye hata kaburini haoni haya kunigombeza. Korongo likarudi juu. Kisha nikatoka barazani kabla ujasiri haujaniishia.

"Mume wangu," nilimwambia babu, maana sikujua namna nyingine ya kuanza. "Nina neno."

"Umeunguza mboga."

"Sijapika bado."

Nikamweleza yote. Kwamba ukuta wa zamani hauwezi kubeba kimo zaidi, kwamba malambo yatasaidia vijiji vya kule lakini maji yake hayatafika huku. Kwamba uamuzi wa mwisho si wangu, ila ripoti itakayokwenda mezani ni yangu, na inasema korongo. Nikasema makaburi yatahamishwa kwa heshima, familia itachagua mahali, padri atakuwepo. Maneno yalinitoka harakaharaka, nikajichukia kwa kuyajua vizuri hivyo.

Jicho moja la babu lilikuwa bado limefungwa bandeji. Lile jingine liliangalia mvua. Nilimngojea adai talaka, adai mahari yake irudi, aniite mwanamke wa balaa. Yote ningeyapokea kwa furaha.

"Mjukuu wangu," akasema.

Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita hivyo. Ilikuwa kama nimevuliwa kitenge barabarani.

"Watamsafirisha na nini?" akauliza.

"Gari, babu."

Akatikisa kichwa. "Filomena hajapanda gari hata siku moja. Alikuwa anayaogopa. Hata kliniki tulikwenda kwa miguu." Akapapasa ukingo wa dumu lililokuwa karibu naye, akakuta limejaa, akalisogeza kando na kutega jingine. "Siku hiyo mniambie mapema. Nitakaa naye nyuma."

Nikapiga magoti pale kwenye sakafu iliyolowa, nikamshika mkono.

"Tutakaa wote, babu. Wewe upande huu, mie upande ule."