Kimya Kilichoharibika

Kwenye ghala la sauti la redio yetu, kitu kimoja kina neno moja. Huo ndio msimamo wangu, na anayeuchezea ananijua. Mvua ni "Mvua". Ukija na manyunyu yako au rasharasha yako, kompyuta itakuambia tazama "Mvua", kisha uchague nyepesi au kubwa. Vijana wa michezo ya redio wamenibandika jina la Bi Tazama. Wanadhani silijui.

Kila Ijumaa kompyuta hunipa maneno ambayo watu wameyatafuta wiki nzima wakatoka mikono mitupu. Kuna aliyeandika "mlango wenye hasira". Nilisonya, halafu nikamtengenezea njia: mlango wenye hasira, tazama "Mlango, kubamizwa". Tangu hapo akiliandika anapata anachotaka, na mimi silioni tena. Yananifikia maneno yaliyokosa tu. Yaliyopata hayana shida na mimi.

Basi Ijumaa moja, katikati ya maneno hayo, nikakuta "bi maneno".

Nikajua ni vijana. Bi Tazama halijawatosha, sasa wameongeza jingine. Lakini kando ya kila neno huandikwa limetafutwa kutoka mashine ipi, na hili lilitoka chumba kidogo cha mwisho wa korido. Zamani kilikuwa chumba cha kurekodia. Mama yangu alifanya kazi humo, fundi mitambo, mpaka homa ilipomchukua nikiwa bado sijaanza shule. Siku hizi kuna viti vibovu na kompyuta kuukuu. Nilikifunga kwa ufunguo, ufunguo nikatia mkobani. Ijumaa iliyofuata, "bi maneno" likaja tena kutoka kulekule.

Nikamwendea Fundi, yule anayetutengenezea mashine.

"Fundi, nani anaingia kile chumba?"

"Aingie afanye nini, dada? Ile mashine nilishaichomoa zamani. Haina hata umeme."

Tukaenda pamoja. Waya ulikuwa umezungushwa juu ya mashine, na vumbi limetanda kwenye vitufe vyote, hakuna alama ya kidole. Fundi akacheka kicheko cha mtu anayetaka kuondoka, akaondoka. Mimi si mtu wa kuamini mizimu, naamini vijana wenye utundu. Lakini siku hiyo nilifunga ule mlango bila kuupa mgongo.

Niseme wazi kwamba hata mimi nilikuwa na kitu nilichokitafuta nikakikosa. Picha ya mama ninayo. Sauti yake siikumbuki kabisa, na hilo limeniuma maisha yangu yote. Nilipopata kazi hii nilimaliza fungu zima la "Sauti, wanawake", watangazaji, waimbaji, wauza samaki waliohojiwa sokoni, nikisubiri moyo uniambie ni huyu. Moyo haukusema kitu. Fundi mitambo hasemi hewani, kazi yake ni wengine wasikike. Nilikuwa nimekata tamaa.

Siku hiyohiyo Mkuu wa kituo akaniita. Ghala lilikuwa limejaa.

"Anza na zile rekodi za kimya zilizoharibika," akasema. "Jumatatu nisikute hata moja."

Kwa asiyejua, kimya nacho hurekodiwa. Kila chumba kina kimya chake, pangaboi lake na upepo wake dirishani, na watengenezaji wa michezo hukitumia kuziba nafasi kati ya maneno. Fundi mitambo hukaa ndani, huwasha mashine, na hakuna anayefungua mdomo. Mtu akikohoa, kazi imekwenda na maji, na rekodi hiyo huwekwa chini ya "Kimya, kilichoharibika". Waliotangulia walizihifadhi hata hizo, Mungu anajua kwa nini. Nikamjibu Mkuu kwamba hakuna shida. Napenda kufagia.

Jioni nikamsimulia mama mdogo, aliyenilea baada ya dada yake kufariki. Alikuwa anakunja shuka.

"Wale vijana wamenipa jina jingine," nikamwambia. "Eti Bi Maneno."

Mikono yake ikasimama. "Nani kakuita hivyo?"

"Si hao hao. Kwani vipi?"

"Usinitanie, mwanangu." Akakaa kitandani juu ya nguo alizokwisha kukunja. "Hilo jina lilizikwa pamoja na dada yangu. Yeye peke yake ndiye aliyekuita hivyo, na mimi sikuweza kulitamka. Hakuwa na wa kumwachia mtoto, akawa anakwenda na wewe kazini. Ulikuwa na mdomo wewe! Hufungi hata kwa dawa. Kila siku anarudi analalamika, leo tena Bi Maneno kaniharibia kazi."

"Kazi gani, mama?"

"Nitajuaje mimi? Alisema siku hizo kazi yake ni kukaa kimya."

Niliomba aniache nikae naye palepale, sikutaka kwenda chumbani kwangu. Miaka yote nimemtafuta mama kwenye sauti.

Asubuhi yake, Jumamosi, kituo hakina watu, nikaenda na mama mdogo. Nikamvalisha vipokea sauti, nikavaa vyangu, nikafungua "Kimya, kilichoharibika". Kwanza tulisikia vikohozi, mlango, mtu amepiga chafya kisha anaomba radhi. Kisha pangaboi, na ndani ya pangaboi sauti ya mtoto: "Mama, kwa nini hatusemi?"

Na mwanamke akacheka. "Haya, Bi Maneno. Umeshaniharibia. Tuanze tena."

Mama mdogo akanishika mkono akaubana mpaka ukauma. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo."

Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani. Ina mkwaruzo kidogo, kama yangu nikiamka. Tukasikiliza rekodi moja baada ya nyingine. Mtoto anaomba maji. Mtoto anauliza kama nzi naye anarekodiwa. Kila mara yeye anacheka, anasema tuanze tena, wala hachoki. Tulilia, na hatukuoneana haya.

Rekodi ya mwisho ilikuwa tofauti. Pangaboi lilizunguka, na hakuna aliyesema. Kikaendelea kimya kizuri, safi, kile ambacho fundi yeyote angekishukuru. Bila shaka nilikuwa nimepitiwa na usingizi pembeni. Kikaendelea tena. Halafu akakiharibu yeye mwenyewe.

"Bi Maneno?" Sauti haikuwa na kicheko. "Bi Maneno, uko wapi? Mbona kimya?"

Kiti kikasukumwa, na rekodi ikakatika hapo.

Mama mdogo alivua vipokea sauti akaniangalia. "Tangu afariki," akasema, "hukusema karibu mwaka mzima. Baadaye ukaanza tena kidogokidogo. Ila ule mdomo haukurudi."

Jumatatu nikafuta vikohozi na chafya zote. Rekodi za mama nikazihamisha, nikaziandikia "Mazungumzo, mama na mtoto". Mkuu akaja kukagua, akauliza hizi nazo mbona zimebaki.

"Hizo si kimya, Mkuu. Ni mazungumzo, na mazungumzo hukuniambia nifute."

"Wewe na maneno yako," akasema, akaenda zake.

Kisha nikatengeneza njia kama ninavyowatengenezea wote: Bi Maneno, tazama "Mazungumzo, mama na mtoto". Ijumaa ilipofika nikayapitia maneno yaliyokosa, nikarudia mara ya pili. Halikuwemo. Ijumaa iliyofuata pia. Mtu anaweza kudhani nilifurahi. Sikufurahi hata kidogo, kwa sababu neno likipata kitu haliji tena kwangu, na sasa sina namna ya kujua kama mama bado ananiita.

Kwa hiyo kila Ijumaa, kazi ikiisha, nafungua kile chumba, nakaa kwenye kiti kimoja kibovu karibu na ile mashine isiyo na umeme, na nasema kwa sauti kwamba nipo. Halafu namsimulia wiki yangu, yote, bila kuacha kitu. Fundi akipita koridoni hunisikia, na anaharakisha.