Vikasha vya Wimbi

"Nilikuchongea vikasha, Osoro. Sikukuchongea chai," Akeyo alisema, mikono ikiwa bado kwenye ungo.

"Mama, usinipandishe hasira. Bwana alitia majani ya chai jana jioni, akafunika mwenyewe. Asubuhi anafungua, punje za wimbi! Vyote vinne!"

"Wimbi mzuri. Hauna mchanga."

"Bwana hali wimbi!"

Osoro alikuwa nyapara wa shamba la chai karibu na Kiptere. Vikasha vilikuwa zawadi ambazo bwana, meneja wa kampuni, alitaka kuwapelekea ndugu zake ng'ambo. Akeyo, mke wa Alfayo wa kiwandani, alikuwa amepiga mabonge ya udongo yakawa kama matofali, akayaacha yakauke kidogo. Kisha akakata vifuniko kwa uzi wa katani, akachimbua ndani kwa kijiko, akavichoma kwa kuni za miwati. Vilitoka vyekundu, vyeusi pale moto ulipolamba. Hakuna aliyelalamikia sura ya vikasha.

"Na chako?" Akeyo aliuliza. Kikasha cha kwanza alikuwa amempa nyapara.

Osoro alikohoa. "Nilitia tumbaku. Mke wangu amepika uji."

"Ulikuwa mtamu?"

"Hayo si maneno yaliyonileta. Bwana anasema vikasha vishike chai kuanzia leo, au chumba hiki cha kampuni apewe mtu mwingine."

Osoro alipoondoka, akiviacha vikasha vinne mlangoni, Akeyo alimwita Taprandich, mama wa Kikipsigis aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni. Taprandich alikaa huko juu penye mawe tangu kampuni ilipomhamisha. Alichota punje chache kikashani, akazitia mdomoni, akatafuna.

"Huu ni wangu. Wa pale mtoni. Mbegu alinipa mama mkwe."

"Pale ninapochimba udongo?"

"Kabla ya chai palikuwa shamba langu."

Akeyo alipiga goti lake kofi. Kwao ziwani, mfinyanzi humwomba mwenye ardhi kabla ya kuchimba, na chombo cha kwanza kutoka motoni humpelekea huyo. Yeye alikuwa amemwomba nyapara.

"Sasa ukiniomba nikakubali," Taprandich aliuliza, "chai itakaa ndani?"

"Itakaa."

"Na wimbi?"

"Utakwisha."

Taprandich alichungulia chumbani. "Una watoto wangapi humu?"

"Watatu."

"Basi niombe, mama. Nitakubali. Mimi nimeshazoea mawe."

Akeyo alimtazama kwa muda, kama anayepima udongo kwa kidole.

"Sikuombi," alisema.

Alivipanga vikasha vinne katika kikapu cha Taprandich. "Jaza majani yoyote jioni. Hata magugu." Kisha akamgeukia binti yake. "Wilkista, kunja mikeka."

Alfayo alipotoka kiwandani, alimkuta mkewe njiani na godoro kichwani, watoto nyuma yake.

"Tunahamia wapi?"

"Sigowet. Shika sufuria, ile ndogo ina mboga, isimwagike."

Alfayo alishika sufuria. Kule mtoni, wachumaji walikuwa wakiendelea kujaza vikapu vyao katika shamba la Taprandich, na chai ilikuwa imestawi vizuri sana mwaka huo.